Punje Themanini na Tano

Kila asubuhi, kabla mabehewa hayajaanza kugongana bandarini Port Bell, madebe yalianza kugongana Laini ya Chini. Vijana walitoka nje wakipiga miayo, madebe mkononi, kila mmoja akiombea foleni iwe fupi. Kuteka maji ilikuwa kazi ya vijana. Mtu mzima akionekana na debe, watu waliuliza kama watoto wake wamemkimbia.

Laini ya Chini ilikuwa safu za nyumba za mabati upande wa Luzira, karibu na ziwa. Wengi waliokaa humo walikuwa Waacholi na Walango, watu wa kaskazini, waliokuja Kampala kufanya kazi za reli na bandari. Juu yao, ng'ambo ya barabara, palikuwa na Laini ya Juu. Huko walikaa Wanubi, wajukuu wa askari Waislamu waliotoka Sudani zamani za Waingereza. Bomba lilikuwa moja tu kwa laini zote mbili. Lilisimama ndani ya ua, kando ya nyumba ya Mzee Wahabi.

Katika Laini ya Chini alikaa Laker, binti wa miaka kumi na saba. Alikuwa mrefu, mwenye mkono mwepesi wa kazi na mdomo mwepesi zaidi. Baba yake, Saverio, alikuwa mfanyakazi wa bandarini. Mama yake, Santina, alisaga simsim na kuiuza. Mdogo wake, Adyero, alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Ilikuwa miaka ya sabini, nchi ikiwa mikononi mwa wanajeshi. Watu watano wakisimama pamoja, wa sita aliuliza kuna nini, na wa saba alikwenda kusema. Basi watu walijifunza kutosimama pamoja. Walisalimiana upesi na kuingia ndani.

Katika miaka hiyohiyo kikaja kipindupindu. Kilikuwa kimekwisha kuzunguka nchi nyingi za dunia, kikavuka mipaka bila kuulizwa pasi. Shule zilizokuwa karibu zilifungwa. Mgonjwa wa kwanza Luzira alikuwa kijana wa Laini ya Chini. Wa pili pia. Wa tatu pia. Haikuchukua siku nyingi watu wakaupa ugonjwa jina jipya. Wakauita ugonjwa wa watu wa kaskazini.

Mzee Wahabi aliposikia hivyo, alinunua kufuli. Alifunga mlango wa ua wa bomba, akaweka kigoda chake pale, akakaa. Kila kijana aliyefika na debe aliulizwa swali moja.

"Mtoto wa nani wewe?"

Kama jina la baba lilikuwa la Kinubi, mlango ulifunguka. Kama lilikuwa la kaskazini, Mzee alitikisa kichwa.

"Rudi jioni."

Jioni bomba lilikuwa kavu. Kila mtu alilijua hilo, na Mzee Wahabi alilijua kuliko wote.

Basi vijana wa Laini ya Chini walishuka ziwani. Waliteka mahali palepale watu walipofulia, na pale mfereji wa vyoo ulipomwaga taka kila mvua iliponyesha.

*

Alhamisi moja Adyero aliamka akiharisha. Ilipofika saa nne, choo chake kilikuwa cheupe na chepesi kama maji yaliyooshewa mchele. Macho yalimzama. Miguu ilimkaza.

"Adyero! Adyero, niangalie!" Santina alilia.

Saverio alimpakia mtoto kwenye baiskeli, akamfunga kwa kanga ya mama yake, akakimbia akiisukuma mpaka kwenye hema la wagonjwa. Muuguzi alimtundikia chupa za maji ya mshipani, moja baada ya nyingine. Usiku ulipoingia, Adyero alifumbua macho akaomba chai. Saverio, mtu asiyejulikana kwa machozi, alitoka nje ya hema akalia.

Mtoto alipona. Lakini Saverio hakumrudisha nyumbani. Alimpeleka kwa dada yake, mpishi wa wanafunzi kule Kyambogo.

"Akirudi hapa atakunywa nini?" aliuliza. "Maji yaleyale?"

"Tutachemsha," Santina akasema.

"Kila nyumba hapa inachemsha ya watoto wadogo tu, na mkaa hautoshi hata kwa hayo. Huyu ni mtoto wa kwenda na debe. Akipata kiu njiani, atakunywa."

"Na dada yako anasafiri Gulu mwisho wa mwezi. Hapana mtu mwingine wa kukaa na Adyero."

Zilibaki siku ishirini. Laker alikuwa mlangoni akisikiliza. Alichukua debe tupu akapanda Laini ya Juu.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Aleikum salaam. Mtoto wa nani wewe?"

"Unanijua, Mzee. Nimekula kwako tangu nikiwa mdogo. Fungua bomba. Watu wetu wanaugua kwa sababu ya maji ya ziwa."

Mzee Wahabi hakukasirika. Alimtazama kwa huruma kidogo, na huruma hiyo ilimuudhi Laker kuliko matusi.

"Binti, ugonjwa natoka kwenu. Kwetu hapana mgonjwa hata mmoja. Mimi nikifungua, naingia kwetu. Wewe nasema ni maji. Umejuaje?"

Laker alirudi nyumbani na debe lake tupu, akajiambia kwamba atajua, na akijua atarudi.

*

Kesho yake alichukua daftari la shule na kalamu. Alipiga mistari vizuri, kwa rula. Juu aliandika: Jina. Kabila. Nyumba. Umri. Ameugua au hajaugua. Alijiona mwalimu kabisa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Aloyo, jirani yao, mama wa watoto wanne. Alikuwa anapika. Alimkaribisha Laker kwa uso mkunjufu, akamsogezea kigoda. Halafu akaliona daftari.

"Nini hiyo?"

"Nataka kuandika vijana wote wa kaskazini walio kwenye laini yetu, Mama. Jina, kabila, na nyumba."

Mama Aloyo alilichukua daftari polepole, kama mtu anayetaka kulisoma. Akalitia katikati ya mkaa.

"Mama! Daftari langu!"

"Kaa chini." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mwaka jana watu walikuja kazini kwa mume wangu. Walikuwa na karatasi. Katika karatasi, majina. Karibu na jina, kabila. Waliita moja moja. Na yeye aliitika, kwa sababu hakuwa na kosa." Aliugeuza mkaa kwa koleo mpaka jalada likashika moto. "Mpaka leo sijui aliko. Na wewe unaniletea karatasi ingine, mtoto wa jirani yangu?"

Laker alitamani ardhi immeze. Alikuwa amejua habari za mume wa Mama Aloyo. Mtaa mzima ulijua. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba mistari yake mizuri ya rula ingeweza kufanana na karatasi ile. Alipiga magoti akaomba msamaha. Mama Aloyo alimshika bega, wakalitazama daftari mpaka likawa majivu.

Mchana ule Bwana Owino alipita na baiskeli yake. Alikuwa bwana afya wa eneo lile, mtu wa Tororo, mwembamba, mwenye kofia iliyokuwa kubwa kuliko kichwa. Alizunguka akiwafundisha watu kuchemsha maji, kufunika vyoo, na kunawa kwa sabuni au majivu. Santina alimpa kiti, na Laker akamweleza yote, pamoja na habari ya daftari.

Bwana Owino hakucheka.

"Ulikuwa na swali zuri," alisema. "Ila ulikwenda nalo vibaya. Kwanza, jina la nini? Unataka kujua ni nani, au unataka kujua ni wangapi na kwa nini?"

"Wangapi na kwa nini."

"Basi jina halikusaidii kitu. Jina linamtia mwenyewe hatarini tu. Kitu usichokihitaji, usikiulize. Pili, ulikwenda kwa mama. Kijana anamwambia mama yake ameteka maji wapi?"

Laker alicheka bila kupenda. "Hata siku moja."

"Vijana waulizwe na vijana wenzao. Na tatu, ulitaka kuwauliza watu wa kaskazini peke yao. Mzee Wahabi anasema kwao hakuna mgonjwa. Wewe unasema kwenu wako. Nani amehesabu pande zote mbili? Hakuna. Mnarushiana maneno tu."

"Sasa Bwana Owino, mbona wewe usimwamuru afungue? Wewe ni serikali."

Bwana Owino alitazama barabarani, kisha akainamisha kichwa. "Nilimwambia mara moja. Jioni yake mtu nisiyemjua alinisimamisha akaniuliza nina watoto wangapi. Amri yangu haifiki mbali, binti. Labda hesabu yenu itafika."

Halafu akamwomba Santina konzi ya maharagwe na konzi ya mahindi.

*

Njia ilikuwa rahisi hivi. Kijana anapewa punje mbili, harage moja na hindi moja. Anaingia peke yake nyuma ya pazia. Huko kuna makopo matatu yenye tundu dogo juu. Kopo lenye kitambaa chekundu ni la walioharisha maji-maji katika wiki nne zilizopita. Kopo lisilo na kitambaa ni la wasioharisha. La tatu ni la kutupia punje isiyotumika. Kama maji yake ya kunywa ni ya bomba, anatumia harage. Kama amekunywa ya ziwa, anatumia hindi. Anatumbukiza punje moja tu mahali pake, anatoka. Hakuna karatasi. Hakuna jina. Hata askari akiyachukua makopo, atapata chakula cha kuku.

"Na makabila tutayajuaje?" Laker aliuliza.

"Wewe ukusanye kwenu. Mwingine akusanye kwa Wanubi, na makopo yake mwenyewe. Unaye rafiki huko juu?"

Laker alikuwa naye. Au alikuwa amewahi kuwa naye. Kaltumi, mjukuu wa Mzee Wahabi, alisoma naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Lakini tangu kufuli iwekwe hawakusemeshana.

Alimkuta nyuma ya nyumba akisuka kawa la ukindu, la kufunikia chakula, kama wanawake wa Kinubi wanavyosuka, duara nyekundu, duara ya kijani, duara ya zambarau. Kaltumi alikuwa amekonda.

"Umekuja kunigombeza?" Kaltumi aliuliza bila kuinua macho.

"Nimekuja kuomba msaada. Kugombeza baadaye."

Kaltumi akatabasamu kidogo. Laker alimweleza habari ya punje. Alipofika kwenye kopo lenye kitambaa chekundu, mikono ya Kaltumi ilisimama.

"Na hakuna mtu atakayejua?"

"Hata mimi. Hata wewe."

"Wallahi?"

"Kaltumi, nimechomewa daftari zima. Nimejifunza."

Walijaribu kwanza wao kwa wao. Laker alikaa wima akauliza, "Dada, wewe umeugua kwa sababu ya kufuli ya Mzee Wahabi, sivyo?"

"Hilo si swali," Kaltumi akasema. "Hilo ni jibu umelivalisha nguo. Mimi Mnubi nikisikia hivyo, nakuambia hapana, ili kumtetea babu yangu."

Laker aliona haya, kisha akaona fahari kuwa na rafiki mwenye akili namna ile. Wakalinyoosha swali: Umekunywa maji ya wapi? Umeharisha maji-maji, au hukuharisha? Wakakubaliana pia kila kijana aambiwe kwanza kwa nini anaulizwa, na asiyetaka aachwe aende zake.

Kazi ilichukua siku nne. Kaltumi aliweka makopo yake mahali wasichana walipokaa kusuka, na jioni ndugu zake waliwaleta wenzao wa mpira. Laker alikosa mahali. Chumba chao kilikuwa kimoja, na Santina alikuwa humo siku nzima na simsim yake. Ndipo Mama Aloyo alipomwita.

"Nasikia kazi yako sasa haina karatasi."

"Haina, Mama."

"Basi kuja. Mimi niko na pazia."

Vijana waliingia mmoja mmoja kwa Mama Aloyo, kama waliokuja kuomba chumvi. Wengine walitoka wakicheka. Mvulana mmoja alitoka na machozi, akaenda zake, na Laker hakumwuliza kitu. Hilo lilikuwa gumu kwake kuliko kupanda na madebe mawili. Lakini aliufunga mdomo, na kila mdomo wake ulipofungika, kijana mwingine aliingia.

*

Walihesabu nyumbani kwa Mzee Wahabi, yeye akiwa msikitini. Bibi yake Kaltumi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi tu, aliwapa sinia lake kubwa la ukindu, lile la sikukuu. Alikaa karibu nao bila kusema neno. Bwana Owino alisimamia. Punje za Wanubi zilimwagwa kwenye duara nyekundu, za watu wa kaskazini kwenye duara ya kijani.

Wanubi walikuwa vijana arobaini. Wa kaskazini, arobaini na watano.

Walianza na kopo jekundu la Laker. Punje kumi na saba. Zote mahindi. Vijana kumi na saba katika arobaini na watano.

Wakafungua kopo jekundu la Kaltumi. Laker alikuwa na hakika halina kitu. Zilitoka punje nne. Mahindi matatu, harage moja.

"Haiwezekani," Laker alisema. "Hesabu tena."

Zilikuwa nne. Laker alikasirika, na afadhali niseme kweli, alikasirika kwa sababu alitaka Wanubi wawe hawana mgonjwa. Alikuwa amekwisha tunga hotuba yake.

"Hesabu haikufuati wewe," Bwana Owino akamwambia. "Wewe ndiye unaifuata. Sasa fungueni za wazima."

Kopo la wazima la Laker lilikuwa na mahindi ishirini na moja na maharagwe saba. La Kaltumi, mahindi matatu na maharagwe thelathini na matatu.

"Sasa sahauni kabila kidogo," Bwana Owino alisema. "Pangeni kwa maji."

Walipanga, kila punje ndani ya duara yake. Waliokunywa maji ya bomba walikuwa arobaini na mmoja. Aliyeugua, mmoja. Waliokunywa ya ziwa walikuwa arobaini na wanne. Waliougua, ishirini.

Kaltumi alishika kichwa. "Karibu nusu!"

"Na hawa saba?" Laker aligusa maharagwe saba ya kaskazini. "Hawa ni wa kwetu, na wanapata maji ya bomba, labda kwa rafiki zao wa huku juu. Hajaugua hata mmoja."

"Na Wanubi sita waliokunywa maji ya ziwa?" Bwana Owino akauliza.

"Watatu wameugua." Laker aliyagusa mahindi matatu. Halafu alisema polepole, kwa sababu ndipo alipokuwa anaelewa. "Ugonjwa hauulizi mtoto wa nani. Unauliza maji ya wapi."

"Na maji ya wapi, nani anaamua?" Bwana Owino aliuliza.

Watoto wa Kinubi thelathini na wanne katika arobaini walipata bomba. Wa kaskazini, saba katika arobaini na watano. Jibu lilikuwa limening'inia mlangoni mwa ua, limefungwa kwa kufuli.

"Msiziondoe," Bibi akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Mngojeni arudi."

*

Mzee Wahabi alirudi baada ya sala ya alasiri. Alikuta sinia la sikukuu katikati ya baraza, na juu yake mahindi na maharagwe mabichi.

"Leo mmenipikia nini?" aliuliza.

Laker alisimama. Alimweleza yote, tangu kopo la kwanza mpaka la mwisho. Hakuongeza neno. Hakusema kufuli ni mbaya. Alionyesha punje tu, kwa kidole. Mzee alisikiliza huku akinywa kahawa yake ya tangawizi. Laker alipofika kwenye punje nne za wagonjwa katika duara nyekundu, Mzee aliweka kikombe chini.

"Hizi?"

"Ni Wanubi waliougua, Mzee."

"Hapana. Kwetu hapana mgonjwa. Nani hawa? Nipe majina."

"Hatuna majina," Kaltumi akasema. "Hatukuuliza, Babu."

"Bila majina ni uongo! Mtu yeyote naweza tia punje!"

Laker aliona kazi yote ya siku nne inazama. Alimtazama Bwana Owino, naye alikuwa anatazama kofia yake. Ndipo Kaltumi alipoinama, akachukua hindi moja kutoka duara nyekundu, akaliweka kwenye kiganja cha babu yake.

"Hili si uongo. Hili ni langu."

"Unakumbuka siku ile ulipokwenda kwenye mazishi Bombo, ukaenda na ufunguo? Nyumba haikuwa na maji tangu asubuhi mpaka jioni. Nilishuka ziwani, nikanywa. Siku ya pili nikaanza kuharisha. Bibi alinificha chumba cha nyuma siku tatu."

Mzee Wahabi alimgeukia mke wake. Bibi hakuinamisha macho.

"Nilimpa maji niliyochemsha, na chumvi na sukari, kama huyu Bwana Owino alivyotufundisha," alisema. "Kila alipotoka chooni, kikombe. Alikuwa anaondoka mikononi mwangu, Wahabi. Hemani sikuthubutu kumpeleka. Watu wangesema mjukuu wa Wahabi ana ugonjwa wa watu wa kaskazini. Niliogopa jina kuliko nilivyoogopa kifo cha mtoto. Hiyo ndiyo akili tuliyokuwa nayo katika nyumba hii."

"Usiogope tena, Bibi," Bwana Owino alisema kwa upole. "Lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ulifanya vizuri. Lakini mgonjwa wa namna ile lazima pia apelekwe hemani upesi. Wengine hawana bahati yake."

Mzee Wahabi alilitazama hindi lile kwa muda mrefu. Dogo namna ile, na lilimlemea mkono. Alikuwa ameweka kufuli kuwalinda watoto wa nyumba yake, na kufuli hiyohiyo ilimtuma mjukuu wake ziwani. Hakuna aliyehitaji kumwambia hilo. Lilionekana usoni mwake.

"Hesabu tena," alisema.

Laker alihesabu tena, kwa sauti, punje themanini na tano. Mzee alihesabu pamoja naye, kwa kidole. Walipomaliza alilirudisha hindi la Kaltumi mahali pake. Aliinuka, akatoa ufunguo shingoni, akaenda uani. Wakasikia kufuli ikianguka mchangani.

Hakuomba radhi siku ile. Wazee wa namna yake hawaombi radhi siku ileile. Lakini kesho yake asubuhi alishuka Laini ya Chini kwa miguu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu ugonjwa uanze, akasimama mlangoni kwa Saverio na kusema, "Nimekuja kuuliza hali ya mtoto wenu mgonjwa." Santina alimpa kiti, kisha simsim. Akala yote.

*

Laker na Kaltumi walifanya jambo moja zaidi, na Bwana Owino alilisisitiza sana. Walirudi kwa vijana wote themanini na watano, wawili pamoja, wakawaambia hesabu ilivyotoka. "Punje ni zao," Bwana Owino alisema. "Ukichukua neno la mtu, mrudishie lilichozaa." Walikwenda bila kukusanya watu, pazia kwa pazia, debe kwa debe. Walipomaliza, vijana wenyewe walipanga zamu za bombani, Mnubi mmoja na wa kaskazini mmoja kila siku. Mfereji wa vyoo ukachimbwa upande mwingine. Watu hawakusema tena ugonjwa wa kaskazini. Mtu akisahau, kijana yeyote alimwuliza, "Umehesabu?"

Wiki ya kwanza baada ya kufuli kuondoka, hemani walipelekwa wagonjwa wawili kutoka laini zote. Wiki ya pili, hakuna. Bwana Owino alichukua maharagwe yake na mahindi yake akaenda mtaa mwingine. Safari hii alikuwa na walimu wawili nyuma ya baiskeli, Laker na Kaltumi, wakibishana njia nzima nani ashike makopo.

Siku ishirini zilikuwa hazijatimia Saverio alipokwenda Kyambogo na baiskeli. Adyero alirudi amekaa mbele, miguu ikining'inia, mashavu yamerudi. Alipofika tu, kabla mama yake hajamaliza kumkumbatia, aliomba aende kuteka maji, maana alikuwa amesikia habari na hakuamini.

Laker alitembea naye, nusu hatua nyuma. Mlango wa ua ulikuwa wazi. Mzee Wahabi alikuwa kwenye kigoda chake palepale, kwa sababu mazoea ya mzee hayaondoki na kufuli. Kufuli yenyewe ilikuwa sasa kwenye banda lake la kuku.

Adyero alisimama. Alilijua swali, akaanza kulijibu kabla halijaulizwa.

"Mimi mtoto wa Sa..."

"Sikukuuliza hilo," Mzee Wahabi alisema. Alimtazama mtoto tangu kichwani mpaka miguuni, akaona mikono mitupu. Adyero alikuwa amekuja bombani bila chombo.

"Debe lako liko wapi?"